Pistoni ya Pili Isife Kifo cha Ile ya Kwanza

Hotuba kwa mafundi na wamiliki wa pikipiki, Newala, mkoani Mtwara

Asalaam alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Mwenyekiti wetu, wazee wangu, mama zangu, vijana wa gereji na vijana wa kijiweni, habari za mchana.

Nimeombwa niseme machache juu ya pikipiki kuukuu za tu-stroki, yaani za injini ya mipigo miwili inayounguza oili pamoja na petroli, zile za njia mbaya, na sababu zinazoua injini zake. Wakati wenyewe ni mwafaka. Sasa hivi salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, inapulizwa mashambani, baada ya hapo ni kuokota, kisha minada, halafu pesa inaingia. Pesa ya korosho ikishaingia, hapa Newala, Tandahimba na Masasi pikipiki zinabadilisha wenyewe kila kukicha. Wengi mtanunua Boxer au TVS, na hizo ni foo-stroki, za mipigo minne, mazungumzo yake ni mengine. Lakini bado zipo zile ngumu za zamani: Yamaha AG100, DT za 125 na 175, Suzuki TF125. Zilitengenezwa kwa ajili ya shamba na matope. Wazee mnazikumbuka kwa mabwana shamba, kwenye misheni na kwenye miradi. Leo zimeshauzwa, zikauzwa tena, na kadi haijulikani iko kwa nani.

Hadithi yake mnaijua. Mtu anaipata kwa bei ya kutupa, anaipanda wiki chache, inanoki, yaani pistoni inakwama ndani ya silinda. Anaipeleka gereji, fundi anaweka pistoni na ringi mpya, inawaka vizuri, kila mtu anapongezwa. Mwezi haujaisha, imenoki tena. Hapo ndipo unasikia watu wakisema tu-stroki hazidumu. Nakataa. Pistoni ya kwanza iliuawa, na muuaji aliachwa ndani ya injini akisubiri ya pili. Nilichokuja kusema leo ni hicho: usinunue pistoni kabla hujajua ile ya zamani imekufa kwa nini. Na jibu mara nyingi limeandikwa kwenye pistoni yenyewe.

Kwanza tuelewane injini hii inavyolainishwa, maana bila hilo mengine yote yatawapita. Kwenye Boxer oili inakaa chini ya injini, inazunguka, unaipima, unaimwaga ukitaka. Tu-stroki haina akiba hiyo. Oili ya giaboksi ipo, lakini imefungiwa upande wa gia na klachi, kwenye pistoni haifiki. Kinacholainisha pistoni, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki inayozunguka chini) na beringi za kranki ni ile oili kidogo inayoingia pamoja na petroli na hewa. Inapita kwenye chumba cha kranki, inapanda kupitia njia za pembeni za silinda, inaungua, inatoka kuwa moshi. Mgonjwa anakunywa uji na dawa katika kikombe kimoja: ukimpunguzia uji, umempunguzia na dawa. Na mchanganyiko mkavu, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, unaongeza joto. Kwa hiyo injini inapata moto zaidi saa ileile inapokosa oili. Hapo nasema zile za kuchanganya oili kwenye tangi. Zenye pampu ya oili zina balaa lake, nitalifikia.

Haya, nimeleta pistoni tatu, zitapita mikononi mwenu. Naomba zirudi tatu.

Mafundi, pistoni mkishaichomoa msiitupe kwenye vyuma chakavu. Ifuteni kwa petroli kidogo, isimamisheni kwenye mwanga, izungusheni taratibu. Juu pana mshale, na kwenye pistoni hizi za Kijapani mshale unaelekea upande wa ekzosi. Ndio dira yenu.

Hii ya kwanza tazameni upande wa ekzosi. Alumini imechanika kwa mistari mipana, imepakwa juu ya ringi mpaka ringi imenaswa, haichezi kabisa. Upande wa pili ni safi. Upande wa ekzosi ndio unaopata joto kuliko pande zote, kwa sababu gesi iliyoungua inatokea pale. Pistoni iliyokufa hivi imekufa kwa joto: ama hewa inaingia pasipostahili, ama jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, imeziba, ama oili ilipungua, ama mapezi ya silinda yamejaa tope na hayapoi. Ukiweka pistoni mpya bila kumtafuta mmoja wa hao wanne, umemkodishia mteja wako pistoni.

Ya pili ina mikwaruzo minne, imepangana kuizunguka, karibu sawa kwa umbali. Hii ni kunoki kwa baridi. Pistoni ni alumini, silinda ni chuma cha kusubu, na alumini hutanuka haraka kuliko chuma. Asubuhi abiria ana haraka, umepiga kiki, hujangoja hata kidogo, umevuta resi zote kupanda mlima. Pistoni imetanuka, silinda bado baridi, nafasi imekwisha. Kabureta haina kosa hapa, wala petroli. Alama hizi pia hutokea fundi wa leizi, yule wa mashine ya kuchonga chuma, akiboa silinda kuipanua akabana mno nafasi ya pistoni. Basi ukiziona kwenye pikipiki iliyotoka kuboliwa juzi, mfuate fundi wa leizi kwanza kabla hujamgombeza dereva.

Hii ya tatu haikunoki. Ililiwa. Pitisheni kidole upande wa kabureta, chini huku kwenye sketi. Haing'ai, imekuwa ya kijivu, ina mistari myembamba ya wima, na ukiilinganisha na upande wa pili utaona imepungua. Ni vumbi. Pikipiki hiyo ilianza kuwa ngumu kuwaka ikiwa na moto, ikapoteza nguvu, ikaanza kuchakacha, na mwenyewe akaambiwa ni uzee.

Ipo ya nne ambayo sikuileta, ile yenye tundu juu ya kichwa. Hiyo ni habari ya taimingi, yaani wakati wa cheche, iliyowahi mno, au plagi ya joto lisilofaa, au petroli mbovu. Kwa plagi za NGK kumbukeni namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi: 8 ni baridi kuliko 7. Champion na Bosch ni kinyume chake, kwa hiyo mtu anayelinganisha namba za kampuni mbili tofauti anajidanganya. Na mkiona mguu wa konrodi umegeuka bluu, hapo oili haikufika kabisa.

Sasa hewa. Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo pikipiki kuukuu nyingi zinapofia.

Chumba cha kranki cha tu-stroki ni sehemu ya pampu. Pistoni ikipanda, inavuta, ikishuka, inasukuma. Pande zote mbili za kranki pana sili ya mpira, pete inayozuia upepo na oili visipenye. Mpira ukikaa miaka, hata pikipiki ikiwa imeegeshwa tu stoo bila kutembea, unakauka na kuwa mgumu. Ndiyo maana ile pikipiki wanayoisifia kwamba imelala miaka mingi haijatumika, mimi ndiyo naiogopa kuliko inayotembea kila siku.

Sili ya upande wa magneti, yaani upande wa umeme, ikichoka, injini inavuta hewa kavu kutoka nje. Dalili yake mnaijua ila mnaitafsiri vibaya. Umeachia resi, injini haishuki. Inabaki inalia juu, inashuka pole pole, wakati mwingine inapanda yenyewe. Sailensa, yaani mwendo wa injini ukiwa umeachia resi, haikai, leo umeirekebisha, kesho imebadilika. Plagi inatoka nyeupe. Na kabla ya kunoki pikipiki inakuwa nyepesi, inakimbia vizuri kuliko siku zote, mwenyewe anafurahi. Furaha hiyo ya ghafla kwenye tu-stroki kuukuu ni ya kuitilia shaka.

Hewa hiyohiyo inaweza kupitia kwenye mpira unaoshika kabureta, ukiwa umepasuka, au kwenye gasketi ya chini ya silinda. Mpira wa kabureta upindeni, ukunjeni kwa vidole. Mpasuko hauonekani mpaka uukunje.

Sili ya upande wa klachi ikichoka, mambo ni mengine. Injini inanyonya oili ya giaboksi. Moshi mweupe mzito ambao hauishi hata injini ikipata moto, plagi inalowa, na oili ya giaboksi inapungua wakati chini ya pikipiki hakuna tone. Watu wanaona moshi wanasema ringi, wanabadilisha ringi, moshi uko palepale. Pistoni haidhuriki sana na hali hiyo. Giaboksi ndiyo itakayokwisha, kwa sababu siku moja itabaki kavu.

Kuzipima sili si lazima uzing'oe. Kipimo chenyewe kipo duka la dawa: mashine ya kupimia presha ya damu, ile ya mkono yenye balbu ya mpira na saa, isiyo ya betri. Saa yake inaishia 300, na 300 hiyo ni karibu psi 6, ndicho kiasi tunachohitaji. Ukizidisha kwa pampu ya tairi unaweza kuisukuma sili itoke mahali pake.

Fungua ekzosi na kabureta. Tundu la ekzosi liweke kipande cha mpira wa tairi kuukuu na kipande cha bati juu yake, kaza kwa boliti zilezile. Kwenye mpira wa kabureta ingiza kizibo chenye kijibomba katikati, kifunge kwa klipu. Kama ina bomba la oili, lizibe nalo. Plagi ibaki imekazwa, pistoni iwe chini kabisa ili juu na chini ya injini iwe nafasi moja. Unganisha mpira wa saa, minya balbu mpaka 250 hivi au 300, funga kijiskurubu, kisha kaa utazame. Injini nzima inaushikilia upepo kwa dakika kadhaa, mshale unatambaa tu. Ikipoteza kama 50 ndani ya dakika moja, usiiwashe injini hiyo. Paka maji ya sabuni kuzunguka gasketi, kwenye mpira, nyuma ya magneti. Povu litakuonyesha. Sili ya upande wa klachi huwezi kuiona, kwa hiyo fungua kifuniko cha kutilia oili ya giaboksi, tega sikio hapo. Utasikia upepo ukichuruzika.

Ile tabia ya kunyunyizia petroli kwenye injini inayounguruma ili kutafuta penye kuvuta hewa, iacheni. Gereji zetu nyingi ni za makuti.

Tuje kwenye oili. Yamaha na Suzuki nyingi za aina hizi zina tangi dogo la oili na pampu yake. Unatia petroli tupu, pampu inajipimia. Muuzaji anakuonyesha tangi la oili limejaa pomoni. Muulize: limejaa tangu lini? Kuna pikipiki ambazo pampu yake ilikufa, mwenyewe akaiziba akawa anachanganya kwenye petroli, wala hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba mnunuzi haambiwi. Yeye anaona tangi limejaa, anatia petroli tupu, haifiki Kitangari.

Dawa yake ni rahisi. Piga alama kwenye tangi la oili kwa kipande cha utepe. Tangi la kwanza la petroli, hata uambiwe pampu ni nzima, changanya oili ndani yake kwa kiasi cha 1 kwa 50. Itatoa moshi, acha itoe. Tembea, kisha tazama alama. Oili ikishuka, pampu inafanya kazi. Isiposhuka, umeokoa injini. Kisha fungua kifuniko cha pampu, uangalie kijibomba kinachotoka pampuni: kikiwa na viputo vya hewa, pana wakati injini inapewa upepo badala ya oili. Pampu ina skurubu ya kutolea hewa, itumieni kila mara tangi la oili likiishiwa au bomba likifunguliwa. Kwenye mkono wa pampu pana alama inayotakiwa kulingana na waya wa resi. Waya wa resi ukibadilishwa na alama isiangaliwe, pampu inatoa kidogo kuliko resi inayovutwa.

Kwa wanaochanganya wenyewe, tumieni bomba la sindano, lile la mililita 20. Kwa 1 kwa 50, lita moja ya petroli inapewa mililita 20, bomba moja. Kwa 1 kwa 25 ni mabomba mawili. Fuata kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji wa pikipiki yako. Kifuniko cha chupa ya maji si kipimo, na "kama inavyokunywa" si kipimo pia. Changanyia kwenye dumu, tikisa, ndipo utie tangini. Ukimimina oili peke yake juu ya petroli, inashuka chini na kukimbilia kwenye bomba.

Kuna wanaodhani wakizidisha oili wameilinda injini. Sikilizeni vizuri hapa. Jeti ya kabureta inapitisha kiasi kilekile cha kimiminika. Oili ikizidi ndani yake, petroli imepungua, na mchanganyiko umekuwa mkavu zaidi. Juu yake unapata masizi kwenye plagi na ekzosi iliyoziba.

Oili yenyewe iwe ya 2T, yaani ya tu-stroki, kwenye chupa tafuteni alama ya ubora ya Kijapani, JASO FC au FD. Kule pwani, Mikindani na Msimbati, maduka ya wavuvi yanauza oili iliyoandikwa TC-W3. Ni oili nzuri, kwa mashine za boti zinazopozwa na maji ya bahari. Pikipiki yako inapozwa kwa upepo, inapata joto kubwa kuliko boti, oili hiyo si yake. Oili nzito ya malori msiitaje.

Jambo la milima yetu sasa, na sijasikia likisemwa mahali pengine. Ukiteremka kutoka hapa juu kwenda upande wa Masasi, au zile njia za kushuka bondeni Ruvuma, mteremko ni mrefu. Dereva mzuri wa foo-stroki anaachia resi, anaacha injini ishike, gia ya pili, anashuka salama. Kwenye tu-stroki fanya hivyo kwa kiasi. Resi imefungwa, kwa hiyo petroli haiingii, na oili haiingii au inaingia kidogo mno, huku magurudumu yanaizungusha injini kwa kasi ya kupandia mlima. Pistoni inakauka wakati mwenyewe unajiona unaitunza. Unachotakiwa kufanya ni kuvuta klachi kila baada ya muda mfupi na kupiga resi kidogo, ipate kunywa, kisha uendelee. Breki ziwe nzima, maana ndizo zitakazobeba kazi. Na msizime injini mkashuka na gia ili kubana matumizi ya mafuta. Mnayoyabana hayanunui hata ringi moja.

Vumbi mnalijua kuliko mimi. Mchanga wa njia za mashambani ni laini, unaelea, na miezi hii mnaongezea na salfa. Unabeba mfuko wa salfa na mashine ya kupulizia nyuma ya kiti, unaingia nayo katikati ya mikorosho yenye wingu la njano, filta inavuta yote. Na hiyo mashine ya kupulizia mgongoni nayo ni tu-stroki. Kila nililosema juu ya oili na vumbi linaihusu vilevile, tena hata zaidi, kwa sababu inafanya kazi ndani ya wingu lenyewe.

Filta ya sponji haizuii vumbi ikiwa kavu. Inayoshika vumbi ni oili iliyomo ndani ya sponji. Ioshe kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya sabuni, najua huku juu maji ni ya kununua, lakini nusu ndoo inatosha. Iminye, usiikamue kwa kuizungusha, itachanika. Ikikauka kabisa itie oili, iminye tena ili iliyozidi itoke. Ukingo unaokaa kwenye boksi upake grisi, maana vumbi likikosa njia kwenye sponji linapita pembeni. Msimu wa salfa fanya hivyo kila wiki. Kuitoa filta "ili ipumue" ni kuua kwa mikono miwili: umeruhusu vumbi, na umeukausha mchanganyiko, kwa sababu jeti ya kabureta ilipangwa filta ikiwepo.

Petroli nisiiongelee sana. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanza kuweka vinasaba, yaani alama za siri za kutambua mafuta halali, mwaka 2010, uchakachuaji vituoni ulipata breki. Lakini vinasaba havilindi chupa ya njiani iliyokaa juani, wala havizuii mtu kuchanganya kwake nyumbani. Mafuta ya taa ndani ya petroli yanafanya injini igonge, na kugonga ndiko kunakotoboa kichwa cha pistoni. Petroli iliyochanganywa na oili isikae miezi kwenye dumu. Pikipiki ikilazwa masika nzima, fungeni koki, iacheni iunguze iliyobaki kwenye kabureta mpaka izime.

Kwa mafundi, neno moja la leizi ambalo nalisisitiza. Silinda ya tu-stroki ina matundu ubavuni. Fundi wa leizi aliyezoea bloku za magari anaiboa vizuri kabisa, ovasaizi ya milimita 0.50, yaani kuipanua kwa kiasi hicho, kipimo kinakubali, anakurudishia matundu yakiwa na kingo kali. Ringi ikipita pale inajikwaa, inakatika, na vipande vinakwenda kuchana silinda mpya. Kabla ya kufunga, pitisha kidole ndani ya kila tundu. Kikikwaruzwa, kingo hizo zipunguzwe kwa tupa ndogo na msasa, zilainike, kisha silinda ioshwe kwa maji ya sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Ringi zina sehemu yake ya kukaa, kwenye kipini kidogo ndani ya mfereji wa pistoni. Ukiifunga imepanda juu ya kipini, umeivunja kabla ya kuiwasha. Klipu za pini ya pistoni ziwe mpya siku zote, na unapozifunga ziba mdomo wa chumba cha kranki kwa kitambaa, klipu isije ikaruka ikaingia ndani.

Ekzosi iliyoziba masizi inafanya pikipiki iwe nzito na ipate joto. Ing'oeni, isafisheni, na tundu la ekzosi kwenye silinda likwanguliwe pistoni ikiwa chini.

Namalizia na mnunuzi. Mwaka 1947 Waingereza walipoanza Mradi wa Karanga nchini mwetu, ule uliotuachia bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea iliyokuja kung'olewa, walinunua matrekta kuukuu yaliyobaki ya vita, mengi kutoka Ufilipino. Yalifika Kongwa, huko Dodoma, yakiwa na hali mbaya, na kuharibika kwa mitambo kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyouangusha mradi kabla haujafika 1952. Hao walikuwa na serikali nyuma yao. Wewe una pesa ya korosho ya mwaka mmoja.

Nenda asubuhi, bila kutoa taarifa ya saa. Gusa injini kwa kiganja kabla haijawashwa. Ikiwa ina moto, umewahiwa, kuna kitu kinafichwa kwenye kuwaka kwa baridi. Sukuma kiki kwa mkono: lazima ukutane na upinzani wa wazi. Fundi mwenye saa ya kompresheni, yaani ya kupimia presha ya silinda, apime resi ikiwa wazi kabisa. Injini hizi ndogo zikiwa nzima huwa psi 120 au zaidi, zikishuka chini ya 90 jua una kazi mbele yako. Washa, ipate joto, piga resi na uachie, uone inavyoshuka. Zima, toa plagi uitazame. Kisha, plagi ikiwa nje, peleka pistoni karibu na juu, shika magneti, izungushe kidogo mbele na nyuma taratibu. Ukisikia "tak" kabla pistoni haijaanza kwenda, konrodi imelegea. Mwenye mkono wa kuhisi hahitaji mashine.

Hapo kwenye konrodi ndipo pa kuamulia. Sili, mpira wa kabureta, ringi, hata kuboa silinda, ni matengenezo ya kawaida na gereji zetu zinayaweza. Konrodi inataka kranki itenganishwe kwa presi, ifungwe upya na kunyooshwa mpaka izunguke bila kuyumba, na si kila anayesema anaweza anaweza. Kwa modeli kuukuu hizi seti ya konrodi huenda uisubiri kutoka Dar es Salaam, na ikifika unaweza kukuta si yake. Kwa hiyo uliza spea kwanza, madukani, kabla ya kulipa. Ikiwa konrodi inagonga, spea haijulikani ilipo, na muuzaji hashushi bei, mwachieni pikipiki yake.

Mwenyekiti, nashukuru. Niko tayari kwa maswali.